Kufunga geji ya joto la maji kwenye gari la zamani, hatua kwa hatua

Siku Corolla 110 yangu ilipochemsha, sindano ya joto kwenye dashibodi ilikuwa imetulia katikati. Tulikuwa tumeshapita Ruaha Mbuyuni, buti limejaa vitunguu, tunaanza kupanda mlima Kitonga. Kwenye kona ya tatu hivi gari likaanza kukosa nguvu. Nikatupia jicho dashibodi, nikaona sindano inashuka, nikajisemea vizuri, injini inapoa. Dakika mbili baadaye mvuke ukafumuka chini ya boneti na injini ikazima. Mpira mwembamba wa hita, ule unaojificha nyuma ya injini, ulikuwa umepasuka na maji yote yalikuwa yamebaki barabarani. Sindano ilishuka kwa sababu sensa haikuwa tena na maji ya kupima. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ilipinda, gasketi ikaungua, na vitunguu vikapanda basi kwenda Iringa bila mimi.

Tangu hapo, gari la zamani likiingia mikononi mwangu nalifungia geji ya joto la maji yenye namba kabla ya redio na kabla ya rimu. Mfano wa hapa ni Corolla 110 ya injini ya 5A kwa sababu ndiyo niliyoizoea, na barabara zetu zimejaa gari hizo. Ukiwa na Starlet, Carina, Mark II, Sunny au Hilux ya zamani, kazi haibadiliki sana.

Geji ya dashibodi ina tatizo gani

Kwenye gari nyingi za miaka ya 1990, geji ya kiwandani ilitengenezwa ili isimpe dereva wasiwasi. Sindano hupanda injini inapopata moto, ikifika katikati inaganda. Maji yakiwa nyuzi 85 iko katikati. Yakiwa nyuzi 98 kwenye foleni ya Ubungo, bado iko katikati. Ikianza kupanda kuelekea kwenye H, muda uliobaki wa kuokoa injini ni mfupi sana.

Na injini hizi hazisamehe. Bloku ya 5A ni chuma, hedi yake ni aluminiamu, na vitu hivi viwili havitanuki sawasawa vikipata moto. Joto likizidi, hedi inapinda, gasketi iliyo katikati inaachia, maji yanaingia kwenye silinda. Hapo ndipo fundi anapokuambia gari limeua gasketi, na bei ya kazi hiyo inanunua geji kadhaa.

Mfuniko wa rejeta nao una habari yake. Ukiuangalia kwa juu utakuta umeandikwa 0.9 au 1.1. Huo ndio mgandamizo unaoushikilia, na kazi yake ni sawa na ya sufuria ya presha: kwa mfuniko wa 0.9, maji matupu ndani ya mfumo hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 118. Mfuniko ukichoka, au mpira ukianza kuvuja hata kidogo, kinga hiyo imeondoka. Maji ya nyuzi 105 yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke mara moja. Kwa hiyo kabla hujanunua geji, nunua mfuniko mpya. Ni kitu cha bei ndogo.

Kuchagua geji

Ziko za aina mbili. Ya kwanza haitumii umeme: ina bomba jembamba la shaba lenye kibuyu mwishoni, kibuyu kinakaa kwenye maji na bomba linafika mpaka kwenye geji. Inapima vizuri, lakini bomba lile halikatwi wala halikunjwi, na kulipitisha kwenye ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya dereva kunataka tundu kubwa. Likivunjika geji imekufa. Kwa gari la kutembelea chukua ya umeme, yenye sensa na waya. Mwongozo huu ni wa hiyo.

Ukubwa uliozoeleka ni milimita 52. Kwangu mimi sindano ni bora kuliko namba za kung'aa, kwa sababu jicho linaona mwelekeo wa sindano bila kusoma, lakini hilo ni suala la mazoea. Kitu ambacho ningelipia zaidi ni king'ora. Geji inayopiga kelele ikifika kiwango ulichopanga inafaa kuliko mapambo yake yote, maana kwenye mlima macho yako barabarani. Angalia pia vipimo. Geji nyingine zimeandikwa kwa farenihaiti, ambako 180 ni kama nyuzi 82, 212 ni nyuzi 100, na 230 ni nyuzi 110. Ukiweza kupata ya sentigredi, chukua hiyo.

Usikubali kuuziwa geji bila sensa yake mwenyewe. Sensa ni kipande kinachopunguza ukinzani wake wa umeme kadiri kinavyopata joto, na kila mtengenezaji ana mahesabu yake. Sensa ya geji nyingine itaingia kwenye tundu, waya utafunga, sindano itapanda na kushuka, na namba zitakuwa za uongo.

Kitu cha pili cha kununua ni kiungio cha mpira wa rejeta. Ni kipande kifupi cha bomba la aluminiamu chenye tundu la thredi ubavuni, kinachokaa katikati ya mpira wa juu, sensa ikasimama ndani ya mkondo wa maji. Vinauzwa kwa kipenyo cha milimita: 28, 30, 32, 34 na kuendelea. Usikadirie kwa macho. Legeza klipu ya upande wa injini, vuta mpira, pima kwa kalipa shingo ambayo mpira unakaa. Kipimo hicho ndicho cha kupeleka dukani, iwe Gerezani, iwe Kirinyaga Road kule Nairobi.

Hapohapo dukani, ifunge sensa kwenye kiungio kwa mkono. Sensa nyingi za geji za kununua zina thredi ya 1/8 NPT, yenye meno 27 kwa inchi. Vifaa vya Kijapani mara nyingi hutumia PT 1/8, yenye meno 28. Kwa macho ni mapacha. Ukizichanganya, sensa inaingia mizunguko miwili au mitatu kisha inakaza, unadhani imefika, kumbe itavuja moto ukipanda. Inayolingana huingia laini na kukaza polepole, kwa sababu thredi hii ni nyembamba mbele na nene nyuma.

Nunua pia klipu mbili za chuma za skrubu, waya wa milimita moja ya mraba kama mita nne, fyuzi ya ampea 2 au 3 na kishikizi chake, vichwa vya waya vya kubana, mipira ya kusinyaa kwa joto, vifungio vya plastiki, na lita za kutosha za kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kwa Corolla hii mfumo mzima unachukua kati ya lita 5 na 6. Kwa vifaa vya kazi, spana za kawaida, bisibisi, kisu kikali, plaizi, na taa ya majaribio au mita ya umeme.

Jaribio la sufuria

Hatua hii wengi wanairuka. Kabla ya kufunga chochote garini, jua kama geji yako inasema kweli.

Chukua betri, iwe ya garini au ya sola ya volti 12. Unganisha waya wa umeme wa geji kwenye chanya kupitia fyuzi, ethi (waya wa kurudishia umeme) kwenye hasi, na waya wa sensa kwenye sensa. Kama sensa ina waya mmoja tu, mwili wake uunganishe na hasi ya betri kwa waya mwingine. Ining'inize sensa kwenye sufuria ya maji yaliyo jikoni, isiguse chini, maana chuma cha sufuria kina joto zaidi ya maji. Viunganishi viwe juu, vikavu.

Maji yakichemka kabisa, soma geji. Ukiwa Dar, Mombasa au Tanga inapaswa kusoma 100 au karibu yake. Ukiwa Mbeya au Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko, hivyo usiirudishe dukani kwa kosa ambalo si lake. Ikikosea kwa nyuzi mbili au tatu, iandike tofauti hiyo, unaweza kuishi nayo. Ikikosea kwa nyuzi kumi, irudishe. Ya kwanza niliyonunua ilisoma 84 kwenye maji yaliyokuwa yanaruka sufuriani. Ningeifunga hivyohivyo, ningekuwa nimejinunulia uongo wa pili.

Sufuria hiyo usiirudishie maharage. Sensa mpya ina mafuta ya kiwandani, na ya zamani ina mabaki ya kulanti.

Sensa ikae wapi

Kuna tundu la sensa ya geji ya kiwandani kwenye hedi, na kuna sensa nyingine yenye waya mbili inayopeleka habari kwenye kompyuta ya injini. Mafundi wengine watakushauri utoe moja, au uchepue waya wake. Usikubali, hasa kwa ile ya kompyuta. Kompyuta inapima mafuta kwa kutegemea umeme mdogo sana unaopita kwenye sensa hiyo. Ukiugawa waya, itadhani injini ina baridi au moto kuliko ilivyo, na gari litaanza kula mafuta au kusumbua kuwaka asubuhi. Iache. Iache na ya dashibodi pia, macho mawili ni bora kuliko moja.

Mpira wa juu wa rejeta unabaki kuwa mahali pazuri, kwa sharti kwamba kiungio kikae karibu na hedi iwezekanavyo, sentimita chache tu baada ya shingo. Sababu ni kwamba thamostati, kile kimlango kinachofunguka maji yakipata moto, ikiwa imefunga, maji hayazunguki kwenda kwenye rejeta. Sensa iliyo mbali na hedi itakaa kwenye maji yaliyosimama, ikisoma 50 huku injini iko 85. Thamostati ikifunguka sindano inaruka ghafla. Hata ukiiweka karibu utauona mruko huo kidogo kila asubuhi, na si ugonjwa. Lakini thamostati ikigoma kufunguka kabisa, sensa iliyo karibu na hedi itahisi joto mapema, iliyo karibu na rejeta itachelewa.

Chagua sehemu iliyonyooka ya mpira, mbali na mkanda, feni na ekzosi. Sensa itazame ubavuni. Ikitazama juu kabisa, povu la hewa litakusanyika kwake. Ikitazama chini, tope la kutu litaifunika.

Kukata mpira

Gari liwe limelala usiku mzima. Si suala la kupoa kidogo. Mfuniko wa rejeta unaofunguliwa injini ikiwa na moto unarusha maji yanayochuna ngozi ya uso. Toa kwanza waya hasi wa betri.

Weka beseni safi chini ya rejeta, fungua kizibo cha chini, halafu mfuniko wa juu ili maji yatoke haraka. Ukipunguza lita 2 hadi 3 inatosha, mpira wa juu utakuwa umebaki mtupu. Yaangalie maji hayo kabla ya kuyasogeza. Yakiwa mekundu au ya kijani na masafi, unaweza kuyarudisha. Yakiwa rangi ya chai ya rangi, gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, mwaga yote na usafishe mfumo. Yakiwa na utando kama wa maziwa au mafuta yanaelea juu, simamisha kazi, gasketi inahitaji kuangaliwa kwanza. Beseni lisikae wazi. Kulanti ina utamu, mbwa huinywa na mtoto anaweza kuinywa, na inaua figo.

Toa mpira wa juu. Ukiubonyeza ukasikia unakwaruza ndani, au ukaona nyufa karibu na klipu, nunua mpya na ufanyie kazi huo mpya. Mpira wa miaka ishirini ukikatwa haukubali tena kubana vizuri.

Weka kiungio juu ya mpira, weka alama. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanakata mara moja, wanachomeka, mpira unarefuka, unajikunja au unasukuma kwenye feni. Pima sehemu ya katikati ya kiungio ambayo haitafunikwa na mpira, na hicho ndicho kipande cha kuondoa. Kata kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Msumeno wa chuma huacha nyuzi na vumbi vinavyokwenda kuziba rejeta.

Funga sensa kwenye kiungio ukiwa mezani. Kwa sensa ya waya mmoja usiizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba thredi nzima, kwa sababu umeme wake unarudi kupitia mwili, na tepu inaweza kuukata. Mimi hupaka gundi ya maji ya thredi kidogo, naacha meno mawili ya mbele wazi. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, ongeza mzunguko mmoja kwa spana, basi. Aluminiamu ikipasuka haina dawa.

Lowanisha ncha za mpira kwa kulanti, chomeka kiungio, funga klipu zikae nyuma ya ukingo ulioinuka na si juu yake. Rudisha mpira garini. Fungua na ufunge boneti taratibu huku ukichungulia kama kichwa cha sensa kinagusa.

Umeme

Nyaya za geji kwa kawaida ni nne: ya umeme, ya ethi, ya sensa, na ya taa. Rangi zinatofautiana, soma karatasi iliyo ndani ya boksi na usiamini kwamba nyekundu ni chanya kwa sababu tu ni nyekundu.

Ethi ya sensa ndiyo inayowatesa wengi. Kiungio kimezungukwa na mpira pande zote mbili, hakigusi chuma popote, kwa hiyo sensa ya waya mmoja haina njia ya kurudishia umeme. Viungio vingine vina skrubu ndogo kwa ajili hiyo. Kama chako hakina, banisha waya chini ya klipu ya chuma inayogusa aluminiamu, au chagua sensa ya waya mbili. Upande wa pili wa waya ufunge kwenye bolti ya injini, sehemu iliyosuguliwa kwa msasa mpaka chuma kionekane.

Ethi mbovu ina ubaya wa pekee. Kwa kuwa ukinzani mkubwa kwenye sensa maana yake ni baridi, kutu kidogo kwenye ethi kunaifanya geji isome chini ya ukweli. Haikuogopeshi, inakutuliza, kama ilivyonituliza ile ya Kitonga. Dalili yake ni kwamba namba zinabadilika ukiwasha taa kubwa au feni ikianza kuzunguka. Maji hayajui kama umewasha taa. Ukiona hivyo, shughulikia ethi zote mbili, ya sensa na ya geji.

Waya wa sensa upitishe kwenye tundu la mpira ambalo nyaya za kiwandani zinapita kuingia ndani. Toboa kijitundu kwenye mpira huo kwa msumari, tanguliza waya mgumu, spoku ya baiskeli inafaa sana, funga waya wako mwishoni kwa tepu, uvute. Usitoboe bati na kupitisha waya mtupu. Bati litaukata taratibu kwa mtikisiko, na siku waya huo ukigusa bodi geji itaruka mwisho kabisa na kukusimamisha kando ya barabara bila sababu. Upande wa injini uvalishe koti la plastiki la mikunjo na ufuate njia ya nyaya nyingine.

Umeme wa geji uchukue kwenye boksi la fyuzi chini ya usukani, kwenye sakiti inayopata umeme ufunguo ukiwa ON tu. Ithibitishe kwa taa ya majaribio: ufunguo ukizimwa nayo izime. Kuna kishikizi kinachochomekwa mahali pa fyuzi na kubeba fyuzi mbili, ya zamani na yako. Kinaokoa kukata waya wa gari. Waya wa taa uuchepue kwenye mwanga wa dashibodi au taa ndogo.

Viungo vyote vya waya vibanwe kwa vichwa au vilehemuliwe, kisha vivikwe mpira wa kusinyaa. Kusokota na kuzungushia tepu, kama inavyofanyika gereji nyingi, hakudumu karibu na injini. Gundi ya tepu huyeyuka, waya unabaki mtupu.

Kabla ya kubana geji mahali pake, rudisha betri na ufanye majaribio mawili. Washa ufunguo bila kuwasha injini, chomoa waya wa sensa: sindano iwe chini kabisa. Gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja: sindano ipande juu kabisa. Ikifanya hivyo, waya ni mzima toka mwanzo hadi mwisho.

Geji yenyewe niliiweka upande wa nguzo ya kioo cha mbele, mkono wa kulia. Ningeweza kuiweka chini karibu na redio, ni rahisi zaidi, lakini geji ambayo inakulazimu kuinamisha kichwa hutaiangalia. Ikae mahali jicho linapopita likienda kwenye kioo cha pembeni. Na isizibe barabara.

Kutoa hewa

Hewa iliyobaki ndani itaharibu kazi yako yote, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Pandisha pua ya gari kwenye mwinuko mdogo ili mdomo wa rejeta uwe juu. Fungua hita mpaka mwisho wa moto. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, taratibu, ukiuminya mpira wa juu kwa mkono. Utasikia ikigugumia na mapovu yatatoka.

Washa injini mfuniko ukiwa wazi. Maji yatashuka, ongeza. Tazama geji: itakaa chini kwa dakika kadhaa, kisha itapanda, na mahali fulani kati ya 80 na 90 thamostati itafunguka, mpira wa juu utapata moto mkononi na maji kwenye mdomo wa rejeta yataanza kutembea. Ongeza tena, funga mfuniko, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Hita ikitoa hewa ya baridi wakati geji inasoma 90, bado kuna hewa ndani. Kagua klipu zote kwa tochi. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko uangalie tena na ujaze tangi la akiba mpaka mstari. Karibu kila mara huwa inataka robo lita nyingine.

Kuzisoma namba

Kwa wiki mbili za kwanza kazi yako ni kulijua gari lako. Gari zima lenye thamostati linatulia kati ya 82 na 92 kwenye lami tambarare. Kwenye foleni linapanda, feni inawaka, linashuka, linapanda tena. Langu linacheza kati ya 88 na 96. Mlimani, na AC imewashwa, 98 si ajabu. Likivuka 100 na kuendelea kupanda, zima AC na upunguze mwendo. Likifika 105, fungua hita mpaka mwisho na utafute mahali pa kusimama. King'ora changu nimekipanga 104. Hakuna injini ya aina hii ninayoiendesha ikiwa 110.

Ukisimama, kama maji yapo na feni inazunguka, iache injini iungurume taratibu, ipoe pole pole. Kama mvuke unatoka au maji yanamwagika, zima mara moja. Mfuniko usiguswe kwa nusu saa au zaidi. Na usimwagie injini maji ya baridi, hata kama waliokuzunguka wote wanakuletea ndoo.

Feni ikikataa kuwaka, Toyota nyingi za miaka hiyo zina swichi ya joto inayokata umeme ili kuwasha feni. Ukichomoa soketi yake ufunguo ukiwa ON, feni inazunguka mfululizo. Hilo linaweza kukufikisha nyumbani.

Geji itakufichulia na kitu kingine: kama gari lako halina thamostati. Magari mengi ya mitumba yametolewa thamostati na fundi aliyetaka kuzuia lisichemshe. Ukiona barabara kuu inakupa 65, ukisimama kwenye foleni inaruka kwenda 95, ndiyo hiyo. Injini ya baridi inakula mafuta na kuchakaa haraka. Rudisha thamostati halisi ya nyuzi 82, na kama gari litaanza kuchemsha, basi ugonjwa ni rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka, nayo ndiyo ya kutibiwa.

Kisha kuna ile namba inayoshuka. Gari liko mlimani, mguu uko kwenye mafuta, na geji inatoka 97 kwenda 80, 70. Injini haipoi hivyo ikiwa inavuta mzigo. Simama hapohapo, zima, fungua boneti, tafuta maji yamekwenda wapi.

Baada ya kilomita mia moja hivi, kaza tena klipu nne za mpira wa juu injini ikiwa ya baridi. Mpira hujikandamiza na klipu hulegea robo mzunguko. Baada ya mwezi, angalia kama kuna unga mweupe kuzunguka sensa, ambao ni alama ya kulanti inayotoka tone kwa tone na kukauka. Na weka kikaratasi nyuma ya ubao wa kuzuia jua. Changu kimeandikwa kwa kalamu ya wino: lami tambarare 86, foleni 96, Kitonga na watu wanne 99. Mwaka huu Kitonga ilisoma 103 na watu wawili tu, nikapeleka rejeta ikafunguliwa, na nusu ya njia zake za chini zilikuwa zimeziba kwa kutu.